Kisiki kinachochipua tena: kiuagugu kwa vichaka vamizi na magugu ya majani mapana

Ukikata mmea vamizi kama Lantana camara au Prosopis juliflora kwa panga ukaishia hapo, umeupogoa tu. Mvua zikinyesha, mahali palipokuwa na shina moja hutoka machipukizi kumi. Chini ya ardhi mmea umehifadhi wanga, na kwenye shingo yake, pale shina linapokutana na mizizi, kuna macho yaliyolala ambayo kukatwa kwa shina huyaamsha. Ndiyo maana kabla ya kufungua chupa yoyote mimi hujiuliza kwanza dawa itafikaje mzizini. Makosa mengi huanzia kwa mtu anayetaka kuona majani yakikauka kesho asubuhi.

Mtu huyo huzidisha dozi. Kiuagugu kinachosafiri ndani ya mmea kinahitaji jani lililo hai: huingia humo, kisha hubebwa pamoja na sukari kwenye mirija inayolisha mizizi. Ukikoleza mno, jani huungua siku ya pili, mirija hufa, na dawa hukwama juu. Kichaka huonekana kimekufa, kumbe mzizi haujaguswa. Mimi hupenda kuona mashina yakijipinda, majani yakijikunja na rangi ikififia taratibu kwa wiki mbili au tatu.

Kwa magugu ya majani mapana yaliyo katikati ya nyasi, tumia dawa zinazoiga oksini, yaani homoni ya ukuaji: 2,4-D, triklopiri, pikloramu na jamaa zake. Gugu hukua ovyo hadi linajivuruga lenyewe, ilhali nyasi nyingi zilizokomaa huvumilia. 2,4-D inatosha kwa magugu laini yakiwa machanga, kabla ya kutoa maua. Kwa miti na vichaka vigumu huwa dhaifu, na hapo triklopiri huishinda. Glaifosati, kiuagugu kingine, haichagui mmea. Ukiipulizia malishoni utaua nyasi pia, na ardhi iliyo tupu ndiyo kitanda ambacho mbegu za gugu lilelile hukisubiri. Malishoni naiona inafaa zaidi kwa kupaka visiki.

Pikloramu na jamaa yake aminopiralidi zina hatari ambayo wengi huijua wakiwa wamechelewa. Hukaa udongoni muda mrefu, na ng'ombe akila nyasi zilizopuliziwa, dawa hupita tumboni ikatoka na samadi bila kuvunjika. Samadi hiyo ikienda kwenye nyanya au maharage, majani mapya hutoka yamejikunja kama kikombe. Ukishatumia dawa hizi, nyasi kavu na samadi ya eneo hilo visiende bustanini.

Kwa miti mikubwa, njia ninayoiamini zaidi ni kupaka kisiki. Kata shina likiwa bapa, sentimita 5 hadi 10 kutoka ardhini. Mkato wa mteremko huacha dawa ichuruzike upande mmoja. Futa unga wa msumeno, kwa sababu hunyonya dawa kabla ya mti. Kisha paka mara moja: kwa dawa iliyochanganywa na maji usizidishe dakika 5, maana mti huanza kuziba jeraha lake na dawa haivutwi tena. Afadhali wawe watu wawili, mmoja akate na mwingine amfuate na brashi. Kisiki kinene hakihitaji kulowa chote. Katikati kuna mbao iliyokufa isiyosafirisha kitu. Pete nyembamba iliyo ndani kidogo tu ya gome ndiyo njia ya kwenda mzizini, kwa hiyo paka hapo kuzunguka kote. Shina jembamba kama kidole gumba lipake lote. Weka rangi ya kuonyesha ndani ya mchanganyiko, la sivyo baada ya visiki hamsini hutakumbuka kilichopakwa na kilichorukwa.

Umechelewa kupaka? Tumia triklopiri ya esta, yaani aina inayoyeyuka kwenye mafuta, ikiwa ndani ya mafuta; hiyo hupenya gome. Hapo ulowanishe pia pande za kisiki na shingo ya mizizi hadi usawa wa udongo.

Esta hiyohiyo hufanya kazi bila kukata kitu. Mashina yasiyozidi sentimita 15 kwa upana hupuliziwa gome la chini, kimo cha sentimita 30 hadi 45, kuzunguka pande zote. Ukiacha upande mmoja mkavu, upande huo utaendelea kuishi. Gome lililoloa mvua husukuma mafuta, basi subiri likauke. Kwa miti minene zaidi, chanja kwa shoka kuelekea chini hadi upite gome, chanjo moja kwa kila sentimita 2.5 za upana wa shina, na weka mililita 1 ya dawa katika kila chanjo kama lebo inavyoruhusu. Chanjo isipige pete kamili, maana utakata njia ambayo dawa ingeipitia.

Kupulizia majani kunafaa vichaka vilivyo chini ya kimo cha mtu, vyenye majani mengi yaliyokomaa na ardhi yenye unyevu. Mmea wenye kiu hufunga vinyweleo na kusimamisha usafirishaji. Majani yenye vumbi hayapokei dawa. Na mmea unaotoa majani mapya unapeleka chakula juu, kinyume na unakotaka dawa iende. Lowanisha hadi kabla tu ya matone kuanza kudondoka.

Sasa vipimo, ambapo kazi nyingi huharibika. Kifuniko cha chupa si kipimo. Pima mraba wa mita 10 kwa 10, weka maji matupu kwenye bomba la mgongoni, pulizia kwa mwendo wako wa kawaida, kisha pima maji yaliyotumika. Tuseme ni lita 2.5. Hiyo ni lita 250 kwa hekta, na bomba la lita 15 litatosha mita za mraba 600. Ikiwa lebo inasema lita 2 za dawa kwa hekta, kila bomba linahitaji mililita 120. Ukibadilisha nozeli (kichwa chenye tundu la kutolea dawa), mpigaji au mwendo, pima upya. Chagua nozeli bapa yenye matone makubwa na shinikizo dogo. Nozeli ya koni hutoa ukungu, na ukungu huhama.

Maji nayo yana lawama yake. Glaifosati hushikwa na chembe za udongo, kwa hiyo maji ya tope huidhoofisha ikiwa bado ndani ya bomba. Maji magumu yenye kalsiamu hufanya vivyo hivyo. Ikiwa lebo inaruhusu, yeyusha salfeti ya amonia gramu 20 kwa lita, na itangulie dawa.

Usipulizie upepo ukiwa mkali. Wala usiamini utulivu kamili wa alfajiri: moshi ukilala na kutambaa chini, matone madogo nayo yataelea hivyo hadi kwa jirani. Upepo mwepesi wenye mwelekeo mmoja ni bora. Siku ya joto kali dawa za esta, ikiwemo 2,4-D ya esta, hugeuka mvuke hata baada ya kutua, na zabibu, pamba na nyanya huumia kwa kiasi kidogo mno cha 2,4-D.

Dawa kali zaidi unayoigusa ni ile ya chupani, hivyo glavu za nitraili (aina ya mpira), miwani na buti vivae kabla ya kupima, si baada ya kujaza bomba. Chupa tupu isuuze mara tatu, maji ya suuzo yarudi ndani ya bomba, kisha itoboe. Kwa dawa za homoni tenga bomba lake peke yake. Mpira wa bomba na chujio hubakiza mabaki ambayo kusuuza kwa maji hakuyatoi yote.

Ziara ya pili ipange mapema. Machipukizi ya kisiki usiyapulizie yakiwa mafupi, kwa kuwa majani machache hayawezi kubeba dawa ya kutosha mzizi mkubwa. Subiri yafike mita 1. Miche ya mbegu ni jambo jingine. Mbegu za Prosopis zina ganda gumu, hutawanywa na mifugo na huota kwa awamu, kwa hiyo pita kila baada ya mvua na uing'oe kwa mkono udongo ungali laini, kabla mzizi haujashika.