Mtambo wa gesi hauna moshi, ila hewa unachafua
Hapa Ngamiani, Tanga, kwenye kahawa utaskia tu mtambo wa kufua umeme kwa gesi hauchafui hewa, mbona hautoi moshi. Mi mwenyewe niliamini miaka kibao. Gesi asilia karibu yote ni methani, ikiungua inatoa mvuke wa maji na kabonidioksidi, ile hewa inayoongeza joto la dunia, na hiyo ya pili haina rangi wala harufu sasa utaionaje? Bandika sufuria ya baridi kwenye jiko la gesi, chini inatoka jasho, ndo ule mvuke. Mtambo mdogo wa megawati 5 ukipiga mzigo kamili saa nzima unatoa uniti 5,000, kila uniti kama nusu kilo ya kabonidioksidi, yani tani 2.5 hivi. Makaa ya mawe karibu mara mbili ya hapo, hilo tukubali.