Sindano ya mwezi na kalenda ya mwalo

Mgonjwa wa skizofrenia (ugonjwa wa akili) anayeacha dawa huku kwetu Kigoma, mara nyingi si mkaidi. Tarehe iliyoandikwa kwenye kadi yake imemkuta ziwani. Wavuvi wa dagaa hufuata giza: mwezi usipokuwepo, taa huvuta dagaa na kila mwenye nguvu yuko majini, mbalamwezi ikishika, nyavu huanikwa na watu hurudi nyumbani. Ukimpangia mvuvi wa Kibirizi, mwalo wanakoshusha dagaa, kliniki katikati ya giza, usishangae asipotokea.

Sindano ya flufenazini dekanoeti, dawa ya skizofrenia inayokaa mwilini muda mrefu, hurudiwa kila wiki 2 hadi 5, na wengi hukaa vizuri kwa wiki 4. Mwezi mwandamo una siku 29 au 30. Basi mchome mwezi ukiwa mpevu, umwambie arudi utakapopevuka tena. Siku moja au mbili za ziada hazina neno, kwa kuwa dawa hii imechanganywa na mafuta ya ufuta na hutoka kwenye msuli polepole.

Mafuta hayo yana masharti yake. Sindano na bomba viwe vikavu kabisa, maana unyevu kidogo tu huifanya dawa iwe na ukungu. Chukua sindano ya kijani, geji 21. Kwenye nyembamba mafuta hayapiti ila kwa kugombana. Lenga robo ya juu ya nje ya tako, vuta ngozi pembeni sentimita 2 hadi 3, choma wima, angalia kama damu inarudi, sukuma taratibu, hesabu hadi 10, chomoa, ndipo uachie ngozi. Usikande! Mkono huwa unataka kukanda wenyewe, lakini mafuta yakipanda juu huacha uvimbe unaouma, na mwezi ujao mgonjwa haji. Mara hii kulia, mara ijayo kushoto.

Dozi ya kwanza iwe nusu ampuli (kichupa cha dawa ya sindano), yaani miligramu 12.5. Kidonge kikimkataa mtu unakisimamisha leo, lakini sindano hii ikishaingia haitoki, inabaki mwilini wiki kadhaa. Subiri siku 4 hadi 7, uone alivyoipokea, ndipo upange dozi ya kuendelea nayo.

Siku hizo chache ndizo zinazoharibu mambo. Kijana, hasa wa kiume, anaweza kupinda shingo upande mmoja, macho yakageukia juu yakakwama, ulimi ukatoka nje, taya likafunga, na huku akili yake ni timamu na anaogopa. Nyumbani wanasema jini limekasirishwa na dawa za hospitali, safari ya kwa mganga inaanza. Ni misuli imebanwa na dawa, basi. Promethazini miligramu 25 hadi 50 kwenye msuli humlegeza, mara nyingi ndani ya nusu saa. Pumzi ikianza kukwama, hiyo ni dharura. Lakini maneno lazima yatangulie sindano: “Mama, shingo ikipinda siku hizi za mwanzo, ni dawa hii. Mlete hata usiku.” Baada ya hapo benzheksoli, kidonge cha kuzuia misuli isibane tena, miligramu 2 asubuhi na mchana kwa wiki chache inatosha. Ya jioni humnyima usingizi, na wapo wanaoizoea kwa starehe, kwa hiyo sikubaliani na mtindo wa kumpa kila anayechomwa.

Kosa jingine tunalifanya sisi wenyewe. Mgonjwa hawezi kutulia, anapokezana miguu akiwa amesimama, usiku kucha ni kitandani na mlangoni. Tunaandika “ugonjwa umepanda”, tunaongeza dozi, naye anazidi. Muulize: “Ni sauti zinakusumbua, au ni miguu inakataa kukaa?” Akisema miguu, punguza dozi, propranololi miligramu 10 mara mbili au tatu kwa siku husaidia, ila si kwa mwenye pumu.

Halafu homa. Huku kila homa ni malaria mpaka ithibitike vingine, na kipimo apimwe. Ila homa kali ikija na mwili mgumu kama gogo, jasho na kuchanganyikiwa, huenda ni sindano yetu iliyomdhuru: usisubiri dawa ya malaria ifanye kazi wala usichome sindano nyingine. Mpeleke hospitali ya rufaa ya Maweni siku hiyo hiyo.

Aliyekosa miezi miwili mitatu mwanzishie tena nusu ampuli, kama mgeni. Na anayehamia kambi za kusini mwa ziwa aondoke na kadi inayosomeka: jina la dawa, miligramu, tako lililochomwa mara ya mwisho, na badala ya tarehe peke yake, neno moja ambalo yeye na muuguzi wa huko watalielewa sawa: mbalamwezi.