Turufu ya sehemu: gavana anapofuta tarakimu chache na sheria ikadumu karne nne

Katika mchezo wa karata, turufu ni ile rangi ambayo karata yake ndogo huila karata kubwa ya rangi nyingine. Kiswahili kililichukua neno hilo kikalipeleka kwenye siasa, na ndiyo maana tunasema kura ya turufu: mtu mmoja anaiangusha kauli ya wengi. Turufu tuliyoizoea ni ya jumla. Juni 2024 Rais William Ruto alikataa kuutia saini Muswada wa Fedha wa Kenya, akaurudisha Bungeni akipendekeza vifungu vyote vifutwe. Tanzania, Ibara ya 97 ya Katiba inampa Rais nafasi ya kuurudisha muswada, na Bunge likiupitisha tena kwa theluthi mbili, ausaini ndani ya siku 21 au alivunje Bunge. Kote huko muswada unakwenda na kurudi ukiwa mzima.

Turufu ya sehemu ni kitu kingine. Gavana anausaini muswada uwe sheria, lakini kabla ya kusaini anapita na kalamu akifuta asichokitaka. Kilichofutwa kimekufa, kilichobaki ni sheria. Marekani, magavana wa majimbo 44 wana namna fulani ya mamlaka hayo, na wengi wao wanachoweza ni kufuta fungu la fedha: daraja hili hapana, ruzuku ile hapana. Marais pia waliwahi kupewa uwezo wa namna hiyo kwa sheria ya mwaka 1996, Bill Clinton akautumia, na mwaka 1998 Mahakama Kuu ya Marekani ikaufuta kwa kuwa unakwenda kinyume cha Katiba.

Wisconsin ndiko turufu hii ilikoota meno. Katiba ya jimbo ilirekebishwa mwaka 1930 ikaruhusu gavana kukubali muswada wa matumizi ya fedha wote au sehemu yake. Haikusema fungu. Ilisema sehemu. Sehemu ni nini, basi? Aya? Sentensi? Neno? Herufi? Mabishano ya miaka karibu mia moja yametoka kwenye neno hilo moja.

Mwaka 1975 Gavana Patrick Lucey alikuta maneno yaliyosema kiasi fulani cha fedha za kutangaza utalii kisipungue asilimia 50. Akafuta neno moja tu la kukanusha. Kilichokuwa sakafu kikageuka dari. Kwa Kiingereza ukanushaji ni neno linalojitegemea, unaweza kuling'oa bila kugusa jirani yake. Kwa Kiswahili angelazimika kuchukua "hazitapungua" na kukata "ha" ya mwanzo ibaki "zitapungua". Hiyo sasa ni kazi ya herufi, na magavana waliofuata walifika hadi huko: walikata herufi ndani ya maneno wakaunda maneno mapya. Aprili 1990 wapigakura wakarekebisha Katiba kuzuia mchezo huo.

Lakini kuunganisha sentensi hakukuzuiwa. Mwaka 2005 Gavana Jim Doyle alichukua kipande cha bajeti chenye mamia ya maneno, akafuta 752, yakabaki 20 yaliyotoka huku na kule. Maneno hayo 20 yalisomeka kama sentensi kamili, na sentensi hiyo ilihamisha dola milioni 427 kutoka mfuko wa barabara. Hakuna mjumbe hata mmoja wa Bunge la jimbo aliyewahi kuipigia kura. Aprili 2008 wananchi wakarekebisha Katiba tena: marufuku kuunda sentensi mpya kwa kuunga vipande vya sentensi mbili au zaidi.

Zikabaki tarakimu. Mwaka 2017 Gavana Scott Walker, wa chama cha Republican, alikuta tarehe ya mwisho ya jambo moja la shule imeandikwa Desemba 31, 2018. Akafuta 1, mkato, na 2. Soma kilichobaki: Desemba 3018. Miaka elfu moja imeongezeka na hakuna kilichoandikwa.

Nasisitiza kwamba huyo alikuwa Republican kwa sababu aliyefuata alikuwa Democrat, na kelele zilizopigwa zingekufanya uamini jambo hilo halijawahi kutokea. Tony Evers alikuwa mwalimu, kisha msimamizi mkuu wa elimu wa jimbo, kabla ya kuwa gavana. Bajeti ya Wisconsin ni ya miaka miwili, huanza Julai 1. Ile ya 2023 iliziruhusu wilaya za shule kuongeza dola 325 kwa kila mwanafunzi katika mwaka wa shule 2023–24 na mwaka wa shule 2024–25. Miaka miwili, basi. Evers akafuta 24 ya kwanza na maneno ya katikati, akafuta 20 iliyo mbele ya 24, akafuta kistari kilichotenganisha 24 na 25. Kikabaki 2023–2425. Alisaini Julai 5, 2023, na nyongeza ya miaka miwili ikawa ya miaka 402.

Hapa inafaa kutulia, maana ndipo watu wengi huchanganya. Dola 325 si hela ambazo jimbo limezitoa. Tangu mwaka 1993 Wisconsin imeziwekea wilaya za shule ukomo wa mapato, yaani kiwango cha juu cha fedha ambacho wilaya inaweza kukusanya kwa kila mwanafunzi, ukijumlisha ruzuku ya jumla ya jimbo na kodi ya nyumba na ardhi ya eneo hilo (ile anayotozwa mwenye mali, si ya pango). Kwa miaka mingi ukomo ulipanda sambamba na bei za vitu. Mwaka 2009 utaratibu huo uliondolewa, na tangu hapo kila bajeti inaamua upya. Bajeti iliyotangulia ile ya 2023 haikuongeza hata senti, wakati mafuta ya mabasi ya shule, bima na mishahara havikusubiri. Evers alichofanya ni kulipandisha dari hilo kila mwaka bila kuomba tena. Darasa la watoto 25 ni dola 8,125 zaidi mwaka wa kwanza, mara mbili yake mwaka wa pili, na kuendelea. Ukiufuata mwendo huo hadi mwisho, dari litakuwa limepanda zaidi ya dola 130,000 kwa mwanafunzi mmoja.

Dari likipanda, nani anajaza nafasi iliyoachwa wazi? Jimbo likiongeza ruzuku, linajaza jimbo. Lisipoongeza, wilaya inaweza kuijaza kwa kodi ya nyumba. Turufu haiwezi kulijibu swali hilo, kwa sababu kufuta hakuwezi kuongeza fedha za ruzuku. Linajibiwa kwa kura za bajeti za kila baada ya miaka miwili, na mimi naona kura hizo zinastahili macho ya watu kuliko kichekesho cha mwaka 2425.

Wajumbe walijaribu kuipindua turufu ile. Inahitaji theluthi mbili kwenye Seneti yenye viti 33 na theluthi mbili kwenye Asembli yenye viti 99. Republican walikuwa na 22 kati ya 33, hesabu kamili, na Seneti ikapiga kura ya kuipindua Septemba 2023. Kwenye Asembli walikuwa 64, pungufu ya wawili. Turufu ya gavana wa Wisconsin haijapinduliwa tangu mwaka 1985.

Walipakodi wawili wakaenda mahakamani. Aprili 18, 2025 Mahakama Kuu ya jimbo iliamua kwa majaji wanne dhidi ya watatu kwamba Evers alikuwa ndani ya mamlaka yake. Jaji Jill Karofsky, aliyeandika kwa niaba ya wengi, alikubali kwamba badiliko la miaka 400 ni kubwa na linavuta macho, ila Katiba inakataza kufuta herufi na kuunga sentensi, na gavana hakufanya lolote kati ya hayo. Jaji Brian Hagedorn alipinga kwa ukali. Naielewa hasira yake: ukisoma kilichobaki, huoni jambo lolote ambalo Bunge lililipitisha. Lakini majaji wakianza kuchagua tarakimu zipi zinafutika, watakuwa wanaiandika Katiba upya, na Katiba ina njia yake: marekebisho yapite mabunge mawili mfululizo, kisha yaende kwa wananchi.

Miezi miwili baadaye, mahakama hiyohiyo ilimkatalia gavana huyohuyo, majaji wote kwa kauli moja. Wajumbe walikuwa wamegawa jambo mara mbili: muswada mmoja uliweka fedha za kufundisha watoto kusoma, dola milioni 50, mwingine ukaeleza tu zitakavyosimamiwa. Evers alifuta vipande vya huu wa pili. Mahakama ikasema huo si muswada wa matumizi, hauna fungu la fedha ndani yake, kwa hiyo kalamu ya kukata haiufikii. Wajumbe walijifunza mpaka uko wapi.

Kisha ikaja bajeti ya 2025. Seneti iliipitisha kwa kura 19 dhidi ya 14. Wademocrat watano waliunga mkono, Warepublican wanne wakakataa, jambo ambalo lisingewezekana bila makubaliano ya faragha kati ya gavana na viongozi wa pande zote mbili. Evers aliisaini usiku uleule, Julai 3, maana ada inayotozwa hospitali, iliyokuwamo humo, ilitakiwa iwe sheria kabla sheria mpya ya Rais Donald Trump haijaifunga njia ya kupata fedha za shirikisho. Upande wa shule, jimbo liliongeza fidia ya elimu ya watoto wenye mahitaji maalumu hadi asilimia 42 ya gharama mwaka wa kwanza na 45 mwaka wa pili. Ruzuku ya jumla haikuongezwa. Dola 325 zikaendelea kupanda, na nafasi yake ikaachiwa kodi ya nyumba.

Ukiwa Milwaukee au Oshkosh, miji yenye familia nyingi za Kikongo zinazozungumza Kiswahili, karatasi ya kodi ya nyumba hufika Desemba, na awamu ya kwanza hulipwa kabla ya Januari 31 kwisha. Mpangaji haipati karatasi hiyo mkononi, ila mwenye nyumba wake anaipata na huihesabu anapopanga kodi ya pango ya mwaka mpya. Ina mistari michache tu: kaunti, mji, wilaya ya shule, chuo cha ufundi. Kila mstari unaonyesha kiasi cha mwaka jana, cha mwaka huu, na asilimia ya tofauti. Ule wa wilaya ya shule ndio wa kuanza nao.