Urefu wa antena si kipimo cha redio

Msimu wa masika ukikaribia, makundi ya WhatsApp hapa Mombasa huletewa tena ujumbe uleule: redio ndogo ya safari au dharura ichaguliwe kwa urefu wa antena, eti iliyo ndefu hushika stesheni yoyote, popote. Si kweli.

Antena ya kuvuta husaidia FM na masafa mafupi (yale yaliyoandikwa SW kwenye redio). Kwa FM, sentimita 75 hivi zatosha, yaani robo ya urefu wa wimbi la megahezi 100. Tena FM husafiri karibu na mstari ulionyooka, ndiyo maana stesheni ya Mombasa hufifia ukielekea Voi hata ukiivuta antena yote. AM (huandikwa pia MW) hunaswa na antena nyingine: kijiti cheusi cha feraiti, kitu chenye usumaku, kilichozungushiwa waya, ndani ya redio.

Hakikisha mwenyewe jioni, AM inaposhika vizuri. Kunja antena: sauti haibadiliki. Zungusha redio yenyewe robo duara: sauti hupanda au kushuka. Weka chaja ya simu mbali, isije ikaleta mkwaruzo ukadhani redio ni mbovu.

Watu huchanganyikiwa kwa kuwa FM, wanayoizoea, hubadilika kweli antena ikiguswa. Ukiupokea ujumbe huo, tafadhali usiusambaze. Kuna atakayenunua redio ya FM tupu, antena ndefu, aende nayo pasipofika FM.