Kabla Wazee wa Mgodini Hawajaondoka: Somo Kutoka Enugu

Mji wa Enugu, kusini-mashariki mwa Nigeria, ni mtoto wa makaa ya mawe. Mwaka 1909 wataalamu wa miamba wa serikali ya kikoloni waliyagundua katika vilima vya Udi. Mwaka 1915 mgodi wa kwanza ukaanza kazi, na mwaka uliofuata reli ikafika kutoka Port Harcourt, bandari iliyoanzishwa ili kuyasafirisha. Mtaa waliopangiwa wachimbaji unaitwa Coal Camp mpaka leo, ingawa migodi imenyamaza.

Ukitafuta historia ya mji wa namna hii kwenye nyaraka rasmi, utakutana na tani, mabehewa na barua za wahandisi. Habari za watu ni haba. Sisi tunaotunza nyaraka tunalijua pengo hilo vizuri, na tunajua pia kwamba anayeweza kuliziba ni mwanahistoria wa mtaani: mwalimu mstaafu, karani wa zamani, binti wa mchimbaji anayejua mlango wa kubisha.

Tazama yaliyotokea tarehe 18 Novemba 1949 katika mgodi wa Iva Valley. Wachimbaji walikuwa wakidai malipo yao, wakaamua kufanya kazi kwa mwendo wa pole. Serikali ikahofia kwamba baruti za mgodini zingeangukia mikononi mwa wapigania uhuru, ikatuma polisi wakazichukue. Wachimbaji wakakusanyika, wakaimba na kucheza. Afisa wa Kiingereza aliyeongoza kikosi akaona umati unaotaka kushambulia, akaamuru risasi zipigwe. Watu 21 waliuawa, na hasira ikasambaa hadi Aba, Onitsha na Port Harcourt. Walionusurika walishikilia kwamba zile zilikuwa nyimbo za mshikamano tu.

Serikali iliunda tume ya uchunguzi, na ripoti ikatoka mwaka 1950. Ni nyaraka muhimu sana, lakini iliandikwa kujibu maswali ya walioiunda. Nani aliyemlea mtoto wa marehemu? Mjane alirudi kijijini au alibaki mjini? Wimbo ulianzishwa na nani? Majibu ya maswali hayo hukaa majumbani, na huzikwa pamoja na wazee.

Nayasema haya nikiwafikiria watu wa Kiwira, na wa Ngaka kule Mbinga, huku Tanzania, ambako makaa ya mawe yamewalisha wengi. Ukikaa na mzee aliyefanya kazi mgodini, usimwambie "tueleze historia ya mgodi." Atakupa hotuba. Muulize aliamka saa ngapi siku ya zamu ya usiku, taa alikabidhiwa wapi, nani alitangulia kuingia kwenye handaki, waliogopa sauti gani. Muulize jina lake kazini lilikuwa lipi, maana makarani wengi waliandika majina walivyoyasikia, na mtu mmoja anaweza kuwa na jina moja nyumbani na jingine kwenye daftari la mshahara. Yaandike yote mawili. Bila hivyo, mjukuu atakayemtafuta babu yake kwenye nyaraka hatampata kamwe.

Rekodi kwa simu, baada ya kuomba ruhusa na kueleza sauti itatumikaje. Mwanzoni mwa rekodi taja tarehe, mahali na majina ya waliopo.

Picha na vitambulisho ndivyo vinavyoharibika kwa nia njema. Tafadhali, usipeleke picha ya zamani kupigwa lamineshini. Joto linaiumiza, na ile plastiki haitoki tena bila kuichana. Usiandike nyuma yake kwa kalamu ya wino, kwa kuwa wino hupenya. Tumia penseli laini, bila kukandamiza. Mfuko wa nailoni hufungia unyevu na kuleta ukungu, kwa hiyo bahasha ya karatasi ndani ya sanduku kavu, lililoinuliwa kutoka sakafuni, ni bora zaidi. Picha ya familia ibaki kwa familia. Wewe ipige picha hapo hapo, mbele yao, kwenye mwanga wa dirishani, kisha andika majina ya waliomo kuanzia kushoto kwenda kulia.

Nakala moja ya kazi yako iache kijijini, shuleni au kwenye ofisi ya kata, na nyingine ipeleke kwenye makumbusho au hifadhi ya nyaraka iliyo karibu nawe. Tutaipokea hata kama ni daftari moja la kurasa chache.