Kumlenga Kulungu kwa Upinde: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Kulungu aliyechomwa mshale mahali pasipofaa huenda asife siku hiyo. Anaweza kufa siku tatu baadaye, kichakani, na aliyemchoma asijue. Ndiyo maana nikikaa na wawindaji wapya siwaulizi kwanza upinde wao una nguvu kiasi gani. Nawauliza ni kulungu gani wangemwacha apite. Majibu mengi yanatokana na mazoea ya watu wa bunduki au maneno ya vijiweni, na hapa nimechukua yale ninayoyasikia mara kwa mara.

“Upinde ukiwa na nguvu, mkao wa mnyama si hoja”

Risasi na mshale haviui kwa njia moja. Risasi ya kuwindia huvunja mifupa na kupasua nyama kwa mshindo wa kasi yake. Mshale hauna mshindo wa aina hiyo. Unaua kwa makali ya chembe chake, yaani ncha yake. Unakata mapafu na mishipa mikubwa, damu inamwagika, ubongo unakosa hewa, mnyama anaanguka. Basi jambo la kujiuliza kabla ya kuachia ni hili: makali haya yatapita ndani ya nini?

Kinachotafutwa ni mapafu yote mawili, pamoja na moyo ulio chini yake. Kwa kulungu mkubwa eneo hilo lina ukubwa wa sahani, kipenyo cha sentimita 20 hadi 25, nyuma tu ya mguu wa mbele. Mapafu yote mawili yakikatwa vizuri, mara nyingi mnyama huanguka ndani ya sekunde chache. Likikatwa moja tu, anaweza kwenda mbali sana, na wengine hawapatikani kabisa.

Kwa hiyo mikao ya kukubali ni miwili. Wa kwanza ni ubavu kamili. Wa pili ni ule ambao mnyama amesimama kwa mshazari, kichwa kikiwa mbali nawe kuliko matako. Hapo usilenge mahali mshale utakapoingilia. Waza utakapotokea, uuelekeze kwenye mguu wa mbele wa upande wa pili. Akigeuka kinyume chake, kifua kikikuelekea kwa mshazari, bega limeshafunika mapafu, na nyuma yake kuna ini na utumbo. Akikutazama uso kwa uso, au akikupa mgongo, subiri.

“Shingoni au kichwani huanguka papo hapo”

Akianguka, ni kwa bahati. Sehemu kubwa ya shingo ni nyama tupu, mishipa mikubwa ni myembamba ukilinganisha na shabaha yenyewe, na kichwa cha kulungu hakitulii. Sijawahi kuona sababu ya kujaribu.

“Kuna nafasi tupu kati ya mapafu na uti wa mgongo”

Hii nimeisikia kwa watu wazoefu. Mtu amepiga, mshale umetokea upande wa pili, damu ni kidogo, na wiki inayofuata kulungu yule yule anaonekana akila majani. Mpigaji anahitimisha kwamba mshale ulipita chini ya uti na juu ya mapafu, mahali pasipo na kitu.

Mahali hapo hapapo. Mapafu yamejaa kifuani hadi chini ya pingili za mgongo. Kinachotudanganya ni uti wenyewe: sehemu ya mabegani hauko juu karibu na ngozi kama unavyodhaniwa, umezama ndani. Juu ya pingili kuna miiba mirefu ya mfupa na minofu minene ya mgongo. Mshale ule ulipita juu ya uti, ukakata minofu, basi.

Ndiyo maana mimi hulenga theluthi ya chini ya kifua, ingawa macho yanapenda kwenda katikati ya mwili. Mnyama akitulia, mshale unakata sehemu ya juu ya moyo au chini ya mapafu. Akiinama, unapita katikati ya mapafu. Na kuinama huko kunastahili maelezo yake.

“Nikigonga shabaha mita 40, basi mita 40 ni umbali wangu”

Shabaha ya mazoezi haina masikio. Sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde. Mshale wa upinde wa kisasa wenye kapi huenda mita 85 hivi. Kwa kulungu aliye mita 40, mlio wa ugwe, yaani kamba ya upinde, unamfikia baada ya takriban sekunde 0.12, na mshale baada ya sekunde 0.47. Ana zaidi ya theluthi moja ya sekunde ya kushtuka. Watu husema “ameukwepa mshale”, lakini hajui kama kuna mshale. Anakunja miguu apate kujirusha akimbie, na kifua kinashuka kwa kiasi cha kutosha mshale kupita juu. Akiwa mita 20 muda huo unapungua kwa nusu hivi.

Zaidi ya umbali, tazama hali yake. Nakumbuka jike mmoja, mita 30, ubavu kamili, nimeshavuta upinde. Aliinua mguu wa mbele, akaupiga chini kwa nguvu. Masikio yote mawili yalinielekea na misuli ya paja ikakaza. Nikaurudisha ugwe polepole. Kama angekuwa ameinamisha kichwa anakula, mkia ukicheza, ningeachia.

Hali hiyo hiyo inagusa ushauri wa kumpigia mluzi anayetembea ili asimame. Atasimama, ndiyo, lakini sasa anasikiliza. Mlio mdogo, na umbali mfupi, labda. Anayekimbia aachwe.

“Dungu likiwa juu zaidi ndivyo bora”

Dungu ni jukwaa la kukalia juu ya mti. Kwa kujificha, kweli. Kwa mshale, si lazima. Kulungu akiwa karibu na shina la mti wako, mshale unashuka karibu wima, na ukiwa hivyo huishia kukata pafu moja na kuliacha la pili. Afadhali umngoje asogee hatua kadhaa.

“Amekimbia kama hana kitu, nimemkosa” na “Ukimchoma, mfuate asipotee”

Dhana hizi mbili nimezishika zote, kwa nyakati tofauti. Kulungu aliyetobolewa mapafu anaweza kukimbia kana kwamba ameshtuliwa tu. Kwa hiyo kila mshale ukaguliwe, na kila mahali aliposimama pachunguzwe. Damu nyepesi yenye mapovu ni ya mapafu. Ngoja nusu saa. Damu nyeusi-nyekundu huelekea kuwa ya ini. Ngoja saa nne hadi sita. Mshale wenye uchafu wa kijani au kahawia na harufu ya tumbo umepita utumboni, na hapo wengi hungoja saa nane hadi kumi na mbili. Aliyejeruhiwa tumboni, asiposumbuliwa, kwa kawaida hulala karibu.

Mwaka wangu wa pili nilimchoma dume aliyekuwa amenigeukia kwa mshazari. Nilijua mkao haufai, nikaachia. Mshale ulinuka. Nilisubiri dakika ishirini tu, nikaanza kufuata, nikamwamsha alipokuwa amelala, si zaidi ya mita 150 kutoka nilipompigia. Majani aliyoyalalia yalikuwa bado na joto. Nilimtafuta hadi giza na kesho yake kutwa nzima. Alama ya mwisho niliyoiona ilikuwa tone moja juu ya jani, dogo kama punje ya ulezi. Baada ya hapo sikuona damu tena.