Mwanafunzi Asiyeona Ajifunze Njia za Chuo Kabla ya Mihadhara Kuanza

Mwanafunzi asiyeona anayejiunga na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mara nyingi hutoka katika shule ya bweni ambayo njia zake alikwisha kuzizoea, kisha mara moja hutakiwa kuhudhuria mihadhara katika kumbi zilizotawanyika Mlimani, penye miinuko, ngazi, mitaro na barabara za magari. Ndiyo maana sisi wataalamu wa elimu maalumu tunasisitiza kwamba mafunzo ya mwelekeo na ujongeaji yatolewe kabla ya mihadhara kuanza, si baada ya mwanafunzi kukosa vipindi au kuumia.

Mwelekeo ni kujua uko wapi na unakokwenda ni upande gani. Ujongeaji ni kufika huko kwa usalama. Fimbo nyeupe husaidia zaidi katika ujongeaji, na kanuni za kuitumia zinatokana na kazi ya Richard Hoover na wenzake, waliowafundisha askari wa Marekani waliopofuka katika Vita vya Pili vya Dunia. Kwa kawaida urefu wake hupimwa kutoka sakafuni hadi kwenye mfupa wa kifua. Mwanafunzi huipeleka kushoto na kulia kwa upana unaozidi mabega kidogo, ncha ikigusa chini upande wa kushoto mguu wa kulia unapotangulia, na kinyume chake, ili mahali atakapokanyaga pawe pamekwisha kukaguliwa. Fimbo haigundui tawi lililoinama wala dirisha lililofunguliwa kwa nje, kwa hiyo hufundishwa pia kukinga uso kwa mkono wa pili.

Mwelekeo ndio unaohitaji subira zaidi. Mwanafunzi hujifunza kutofautisha alama ya kudumu, kama vile kona ya ukuta, ukingo wa mtaro au mahali lami inapoishia, na dalili ya kupita, kama harufu ya chapati za mgahawani, ambayo mgahawa ukifungwa haipo. Jua la asubuhi likimpiga shavu la kulia, anajua anaelekea kaskazini. Saa sita mchana, likiwa karibu na utosi, halimwambii mengi. Mvua kubwa ikipiga mabati, mwangwi wa kuta na mlio wa gari linalokuja humezwa, na ndiyo sababu ninashauri njia ya kutoka bwenini hadi maktaba ifanyiwe mazoezi siku ya mvua pia, mwalimu akiwa karibu. Kuhesabu hatua peke yake hakutoshi, kwani hatua za mtu mwenye haraka si zile za aliyechoka.

Mwenzake anayeona asimvute wala kumsukuma. Asiyeona ndiye anayemshika mwongozaji mkono, juu kidogo ya kiwiko, akitembea nusu hatua nyuma yake na kuhisi mwili wake unapopanda au kushuka. Kumwambia “pale” hakumsaidii. “Kushoto kwako, mlango wa pili” humfikisha. Wenye uoni hafifu nao wafunzwe jioni, mwanga unapopungua, na kingo za ngazi zipakwe rangi inayoonekana waziwazi.

Ibara ya 20 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, inataja mafunzo ya stadi za ujongeaji kwa watu hawa na kwa wataalamu wanaofanya kazi nao. Kwa hiyo chuo kinapompatia mwanafunzi mwalimu wa ujongeaji kinatekeleza wajibu, wala hakimfadhili. Wahadhiri nao watangaze mabadiliko ya ukumbi angalau siku moja kabla, kwa sababu kwa mwanafunzi huyu ukumbi mpya una njia mpya ambayo hana budi kujifunza kuipita.